Uso Wangu Kwenye Gemu ya Yeremia

Jumatatu, 2 Februari 2026
Mume wangu kafunga duka la simu mapema — Yeremia, ambaye hafungi hata mvua inyeshe! Kampuni moja ya Dar imemwazima mashine ya gemu ya mkononi, bado haijaanza kuuzwa. Ndani ina akili mnemba inayochukua picha ndogo yenye ukungu na kuikuza hadi inang'aa. Wanataka kuiweka humo gemu ya zamani ya Yeremia, ya msichana wa baiskeli anayevuka mto Mkondoa na tenga la nyanya. Msichana ni mimi. Aliitengeneza enzi zile naleta nyanya mjini Kilosa kutoka kijijini Zombo, na yeye hajathubutu hata kunisalimia. Kichwa kizima ni vidoti tisa. Lakini ni mimi! Jibu wanalitaka Jumatatu ijayo.

Jumanne, 3 Februari
Tumeiwasha baada ya kula. Maji mazuri, unaona hadi mawe ya chini. Kisha msichana akageuka. Si mimi. Pua nyembamba, nywele zinapepea.
"Huyu nani?"
"Mashine imebuni, mke wangu. Vidoti havikuwa na uso, ikajaza yenyewe."
Nikacheka. Kumbe nimeumia. Nikaenda kuosha vyombo.

Alhamisi, 5 Februari
Yeremia hali vizuri. Wale wa Dar wamepiga simu, yule msichana wa kubuni wamempenda sana. Kawaomba waifundishe mashine uso wangu. Sawa, wamesema, ila alete picha. Ya ujana wangu ipo moja tu, kwa dada Katarina, kijijini Mabwerebwere.

Jumamosi, 7 Februari
Tumetoka hapa kwetu Mikumi alfajiri. Dada kaitoa picha kwenye Biblia — ililowa kwenye mafuriko yale ya mto Mkondoa, usoni limebaki doa la kahawia. Yeremia kaishika muda mrefu. Tukamwonyesha dada msichana wa kwenye mashine. Akasema huyo hajawahi kubeba hata kilo moja ya nyanya! Tumecheka hadi machozi. Lakini kurudi, njia nzima, Yeremia hakuiachia picha. Mkono wake juu ya wangu.

Jumapili, 8 Februari
Sijaenda kanisani. Yeremia kaweka kiti mlangoni penye mwanga, anataka kunipiga picha mimi wa leo. Nina miaka arobaini na mitatu! Nikamwambia watu watashangaa, mama mzima anakimbizana na maji kwa baiskeli.
"Wacha washangae," kasema. "Nilimtengeneza ili nipate kumwangalia. Bado namwangalia."
Sikujua nitazame wapi.
Kesho wale wa Dar wanaweza kuukataa uso huu, naye anajua. Naandika huku anafuta kioo cha kamera kwa shati lake. Anasema nitulie, nisicheke. Siwezi. Kapiga tano, zote nimefumba macho, hataki kufuta hata moja. Sasa ananiambia niweke kalamu chini —