Baba Mkwe, Kisu Nilikuwa Nacho

Baba,

Mwanao Ngoie anasema nimerukwa na akili, kumwandikia mtu ambaye nimemzika mwenyewe. Aliniona nikichomoa karatasi katikati ya daftari la mtoto, akatikisa kichwa, kisha akanisogezea kiti chako. Ndiyo, kiti chako kiko kwetu sasa. Ndugu zako walipokuja kutoka Bukama kugawana vitu, walichukua baiskeli, redio, na ile suti ya abakosi ya kijani uliyoivaa siku za sikukuu huku ukilalamika kwamba kola inakunyonga. Kiti hawakukitaka kwa sababu mguu mmoja ni mfupi. Mtumbwi pia hawakuutaka. Mmoja wao aliuliza mtu wa usine, wa kiwandani, alikuwa na shida gani na mtumbwi.

Basi nimekaa kwenye kiti chako kinachoyumba, nakuandikia. Habari za hapa ni zilezile. King'ora cha usine bado kinalia asubuhi na mbwa wa jirani bado anakijibu. Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, iko kila Jumamosi. Siku hizi tunafyeka majani kando ya barabara ya Kambove, na mkubwa wetu bado anahesabu vichwa zaidi kuliko anavyotazama kazi. Mama mkwe yuko salama. Bado amevaa nguo nyeusi na anakula kidogo, lakini juzi alimgombeza muuza makaa mpaka nikajua anarudi. Mtoto wetu wa pili ameota jino. Mimi niko palepale kwenye atelier, karakana ya treni, mikono inanuka mafuta. Nimekukumbuka sana, Baba. Nilidhani itapungua baada ya matanga, na haijapungua.

Lakini sikuchana daftari la mtoto kwa ajili ya jino. Kuna neno moja sikukuambia. Nililibeba miaka miwili, tukivua pamoja karibu kila Jumapili, na ukafa kabla sijalisema. Siku ile ulipoanguka ziwani, nilichelewa. Haikuwa upepo, kama tulivyozoea kusema. Kisu nilikuwa nacho mkononi.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana hata sasa naona haya.

Wewe ndiye uliyeleta wazo la kuvua pamoja. Nilikuwa nimemwoa Ngoie mwaka mmoja tu, na nilikuwa mkwe wa kufundishwa: sikutaja jina lako, sikukupa kitu mkononi, nilikiweka chini na kurudi nyuma mpaka ukichukue. Kukuona ukioga au ukibadili nguo, hilo hata kuliwazia sikuthubutu. Kwetu mkwe akimwona mkubwa wake hivyo, hata kwa bahati mbaya, anapeleka kuku wa kuomba radhi na kufunga mdomo, na bado watu watamtazama vibaya. Kisha siku moja ukanipeleka ziwani Kapolowe, ukaniketisha kwenye mtumbwi mwembamba kiasi kwamba magoti yangu yalikuwa karibu kugusa mgongo wako. Uliomba kasia. Nililiweka chini kwa heshima, nikarudi nyuma. Mtumbwi ukalala ubavu na tukanywesha viatu maji.

Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema: "Bukwe tunaiacha pale ku kivuko. Tutaikuta vile tunarudia. Ku mayi minye ni muvuvi, weye ni muvuvi." Nilikubali kwa mdomo. Moyoni, Baba, ile adabu ya ukwe sikuiacha. Niliibeba kila Jumapili pamoja na chakula changu.

Halafu ukanifundisha kisu. Ulikitengeneza mwenyewe kwa kipande cha msumeno wa chuma, mpini umeviringishwa mpira wa baiskeli, ala imekatwa kwenye bomba kuukuu. Ulisaga ncha yake ikawa butu kabisa, ili mtu mwenye haraka asijichome wala asimchome mwenzake. Ukakifunga kamba na kunivika shingoni, kikakaa juu ya kifua. Nilikuambia kwamba nina kisu kizuri zaidi kwenye sanduku la chakula. Ukanitazama kama unayemhurumia mwanao kwa kuolewa nami. "Kisu ya mu sanduku ni ya kukata nyanya," ukasema. "Ya ku mayi inakaa ku kifua. Wavu ikikushika, haitangoya weye ufungule sanduku."

Na nyavu zako zilikuwa za kushika kweli. Nyuzi za nailoni ulizichambua kutoka kwenye tairi za lori, jioni baada ya jioni, na Mama akalalamika kwamba nyumba inanuka mpira. Zilikuwa hazikatiki kwa meno wala kwa mikono. Chini ya maji, visiki vya msitu uliofunikwa bwawa lilipojazwa vilikuwa vinangoja. Ulinifumbisha macho ufukweni, ukaniambia nikichomoe kisu kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mchanga, wanawake waliokuja kununua samaki wakinicheka. Ukanionya kwamba wavu haulilii mtu, kwa hiyo na mtu asiulilie wavu: ukikamatwa, kata, hata kama ni kazi ya miezi mitatu.

Unakumbuka yule askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, mwaka ule wa baada ya vita, walipokuwa wanapekua kila mfuko? Alikitoa kisu chako kwenye ala, akajaribu kujidunga kidole, hakikuingia. Akauliza utamuua nani na kitu kama hicho. Ukamjibu: "Hakuna muntu, chef. Ile ni ya kutoka nayo." Hakuelewa, akakurudishia. Mimi nilielewa, na nilijivuna kwamba wewe ni baba mkwe wangu.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumapili. Jumamosi tulitoka kwenye salongo moja kwa moja hadi kwenye lori, na ukasahau nyumbani ile kaptula yako ya ziwani isiyo na kifungo. Asubuhi ukaingia mtumbwini na kombinezo ya kazi, ile ya kamba mabegani yenye vifungo vya shaba kifuani na kiunoni, peke yake bila kitu ndani kwa sababu ya joto. Kisu chako kilikuwa chini yake. Niliviona vile vifungo, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kifungo ni ndoano. Lakini mtu hamsemei baba mkwe wake nguo, basi nikatazama pembeni nikapiga kasia.

Wavu ukakwama kwenye kisiki. Ulisimama kuunasua, upepo ukasukuma mtumbwi, wewe ukaenda majini. Mtumbwi haukupinduka. Uliushika ukingo kwa mkono mmoja; mkono mwingine na miguu vilikuwa vimeshanaswa, vifungo vyote vimeuma wavu. Upepo ulikuwa unauvuta mtumbwi huku, kisiki kinakuvuta kule. Ukasema: "Kata nguo." Ukameza maji. Ukasema tena: "Kata yote."

Kisu kilitoka vizuri, kwa mkono wa kushoto, kama ulivyonifundisha. Nilikata kamba ya bega la kwanza. Kitambaa cha mbele kikaanguka. Nikajua kwamba nikikata ya pili, kombinezo itakuvuka, na nitakuona.

Nikageuza uso.

Ndivyo nilivyofanya. Nilitazama matete ya ng'ambo huku mkono wangu ukikata nyuma yangu bila macho. Nilikata wavu mahali ulipolegea. Nilikata maji. Nilijiambia kwamba naenda haraka. Kisha vidole vyako vikaachia ukingo na mtumbwi ukawa mwepesi, na ule wepesi bado nausikia mpaka leo nikiwa nimekaa kazini.

Hapo ndipo nilipotazama. Ulikuwa chini kidogo ya maji, macho wazi, unanitazama. Sijui nilikuwa nimekaa na uso pembeni kwa muda gani. Nikakata bega la pili, nikakata kiunoni, nikakata mguu, nikakushika popote mkono ulipofika, nikakuvuta ndani uchi kama mtoto mchanga, na wewe mzito kuliko gunia la unga.

Ulitapika maji. Nilivua shati langu nikakupa, safari hii mkononi. Nilipiga kasia mpaka nchi kavu nikiwa nimekupa mgongo, nalia bila sauti. Tulipokaribia kivuko nikakusikia nyuma yangu: "Leo tulipata kambale moja tu. Lakini ni mukubwa." Nikacheka na kulia pamoja.

Nyumbani ukasema kombinezo iliibiwa ulipoianika. Kwa wavuvi tukasema upepo ulinichelewesha. Tukaendelea kuvua. Kila mara uliponyamaza nikafikiri sasa utaniuliza. Hukuuliza. Kisha moyo wako ukaanza kuchoka, na daktari akasema ni umri na mwili tu, na mimi nikiwa nimesimama mlangoni nikawaza ule muda wa chini ya maji. Siku ya mwisho ulinishika mkono ukaniambia niangalie mtumbwi usipasuke na jua. Nilifungua mdomo kukuambia. Mama akaingia, nikatoka nje, kama mkwe anavyotakiwa.

Baba, nilikuacha ufe kidogo kwa sababu ya adabu. Nisamehe.

Niliacha hapo Alhamisi. Leo ni Jumapili, na nina la kuongeza, ambalo sikulitegemea.

Mama aliniita jana baada ya salongo. Unajua jinsi tunavyoongea sisi wawili: yeye barazani akiwa amenipa mgongo, mimi kwenye kijia cha nje, Ngoie katikati akirudia kila neno ingawa wote tunasikia. Mama alisema: "Muambie bwana yako, baba alinielezea yote siku ile ile." Ngoie akarudia. Nikakaa kwenye tofali.

Kumbe hadithi ya kombinezo kuibiwa haikudumu hata mpaka chakula. Ulimwambia vifungo, kisiki, shati langu. Ulimwambia pia kwamba niligeuza uso. Ngoie alikuwa hajui. Alipofika kwenye neno hilo akanitazama, na Mama akalazimika kumwambia aendelee.

Mama alisema ulikasirika sana. Siku mbili hukutaka kusikia jina langu. Ulimwambia: "Nilikuwa nakufa, na mukwe anaangaria matete." Nilistahili hilo, Baba, na nilikaa kwenye tofali nikilipokea. Kumbe kila uliponyamaza mtumbwini haikuwa mawazo ya kichwa changu tu.

Kisha Mama akasema kwamba siku ya tatu uliamka ukaanza kucheka peke yako kitandani. Akakuuliza kuna nini. Ukamjibu hivi, na Mama aliyarudia maneno kwa sauti yako kabisa: "Mara ya kwanza alikuwa na haya. Mara ya pili aliniangaria. Minye niko muzima juu ya ile ya pili. Ya kwanza nilimuachia." Na ukamkataza asiniambie ukiwa hai, kwa sababu ukaona nitapeleka kuku na kuacha kuja kuvua, na wewe ulikuwa hutaki kuku, ulitaka mtu wa kupiga kasia.

Ulinijua vizuri. Ningepeleka kuku wawili.

Nililia mbele ya Mama, jambo ambalo nalo si la adabu. Yeye hakugeuka. Alingoja mpaka nikamaliza, kisha akasema neno jingine kupitia kwa Ngoie. Amekuwa mke wako tangu usichana, amekwangua magamba ya samaki wako, amenusa mpira wa tairi zako, na ziwa hajaliona hata siku moja. Anataka kuona mahali ulipokuwa unakwenda Jumapili zote zile. Hataki kusimama ufukweni na wauza samaki. Anataka kuingia mtumbwini, afike kwenye visiki. Na anataka nimpeleke mimi.

Ngoie alirudia kwa sauti ndogo, kama anayeogopa nitakataa. Ukwe wako na mimi ulikuwa mgumu, Baba, lakini wa Mama ni mara kumi. Sijawahi kula mbele yake. Sijawahi kumwona uso kwa zaidi ya muda wa kusema bonjour. Nitakaaje naye kwenye kijimtumbwi kile, magoti yangu mgongoni kwake, watu wa Kapolowe wote wakitazama? Wazee wa kanisa watasemaje, na bado amevaa nyeusi? Niliwaza yote hayo kwenye lile tofali, na nikamwambia Ngoie amjibu ndiyo.

Tunaondoka wiki ijayo. Nimeziba mtumbwi lami mahali jua lilipoupasua. Nimemwambia Ngoie amtafutie mama yake kitenge kisicho na pini wala kifungo, na safari hii nimelisema waziwazi. Nimemtengenezea kisu chake, cha kukaa juu ya kifua, kisicho na ncha. Ngoie alikipeleka, akarudi akaniambia Mama ameshaanza kufumba macho barazani na kukichomoa kwa mkono wa kushoto.

Lala salama, Baba yangu. Sikukuita hivyo kwa raha ulipokuwa hai, nilikuwa na woga mwingi. Nakupenda. Tutapiga kasia polepole, na upepo ukianza nitarudi. Lakini akianguka majini, nakuahidi, nitamtazama.

Mkwe wako,
Kaumba