Moyo wa Nta

Jumatatu, 3 Machi
Sanamu imekamilika! Mwanamke wa nta, urefu wa mtu halisi, kwa ajili ya chumba cha anatomia chuoni, nilikofundisha hadi kustaafu. Kifua kinafunguka kama sanduku. Ndani, kila kiungo kinatoka na kurudi mahali pake. Wataichukua Ijumaa. Uso nimeufanya usiwe wa mtu yeyote. Ndivyo inavyotakiwa — mwanafunzi akimtambua mtu, hathubutu kumfungua kifua.
Nimeifunika shuka. Sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Machi
Mkuu wa idara alipita kukagua. Nilimfundisha, bado ananiita Mwalimu. Akautoa moyo, akaugeuzageuza dirishani. Kisha akacheka: Mwalimu, tumeagiza mwenye afya, wewe unatuletea mgonjwa! Akanionyesha kwa kidole. Mshipa wa mbele, ule unaolisha upande wa kushoto wa moyo, umebanwa katikati. Si kosa la kalibu ya kumiminia nta. Umechongwa. Kwa mkono wangu!
Nikasingizia macho. Nikaahidi kuchonga mwingine.

Jumatano, 5 Machi
Wa pili: pale pale. Wa tatu nimepima kwa bikari kila hatua. Pale pale!
Basi niandike, hapa hakuna wa kunisikia. Marehemu mke wangu alilalamika siku tatu — bega la kushoto, taya, pumzi. Mimi, mwalimu wa moyo kwa miaka thelathini na mmoja, nikamwambia umefua sana, pumzika. Nikamweleza na misuli ya bega, mmoja mmoja, kwa majina. Akanisikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake. Siku ya nne sikuwa na wa kumweleza.
Binti yetu namwambia hadi leo: ilikuwa ghafla.

Alhamisi, 6 Machi
Shuka imeanguka. Nta ikipata joto hulainika, kitambaa huteleza. Fizikia tu. Nimeirudisha nikiwa nimefumba macho.

Ijumaa, 7 Machi
Binti ameacha cherehani yake, amefika asubuhi bila taarifa. Anataka kuiona sanamu kabla haijaondoka. Nikasema karakana ina vumbi. Akacheka: baba, mimi mshonaji niogope vumbi? Akanipita.
Nikasikia shuka ikivutwa. Halafu neno moja, taratibu: Mama.
Nilijaribu kueleza. Nuru ya dirisha, nikasema, na jinsi jicho linavyotafuta sura linayoijua. Alikuwa ameiona ile mioyo mitatu juu ya meza, ameipanga mstari. Anapitisha kidole kama anayekagua mshono.
Baba, akasema, fundi akikosea mara tatu pale pale, huyo hajakosea. Hapa pana nini?
Gari la chuo limefika, dereva anapiga honi. Binti ametoka kumwambia asubiri. Mzigo hautoki mpaka baba yake aongee. Kisha akarudi, akanigeukia: Nieleze. Si kazi yako kueleza? Mama alikufaje?
Nikamwomba dakika tano nifuate miwani chumbani. Miwani iko puani mwangu. Nadhani ameiona.
Nimekaa kitandani, naandika. Nimetafuta sentensi ya kwanza, sina. Mimi!
Ameita mara mbili. Sauti haina hasira, na hilo ndilo linalonitisha.
Sasa anavuta viti huko karakana. Kimoja. Cha pili.
Anavuta cha tatu, upande iliko sanamu —