Nimejifungulia Ugenini, Shangazi

Ilazo, Dodoma
21 Septemba 2025

Shangazi yangu mpenzi Mwantum,

Shikamoo. U hali gani huko Mombasa, na mgongo umekuachia? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Nitakayokueleza usiyasome ukiwa umesimama.

Kwanza mji wenyewe. Shangazi, mbingu za hapa ni pana mpaka mtu anajiona mdogo. Hatujaona mvua tangu tufike, ardhi ni nyekundu na kavu kama kigae, kisha ghafla unakutana na shamba la zabibu, kijani kibichi, mashada yananing'inia. Mara ya kwanza nilisimama tu, nikashangaa. Upepo wa mchana unabeba vumbi hadi ndani ya sufuria, na usiku tunajifunika blanketi, sisi wa Mombasa!

Tena watu wanaamkiana bila haraka. Unakwenda kununua chumvi, unaulizwa kwanza umeamkaje na nyumbani hawajambo. Siku za mwanzo nilikuwa nasema "nipe nyanya," wauzaji wananitazama. Sasa nasema "naomba," na wazee nawaamkia "Mbukwenyi" kwa Kigogo chao, wanacheka kwa furaha.

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Mama Paulina, anayeuza zabibu soko la Majengo.

Jumatatu, Khalidi akiwa Mtumba anavuta nyaya za umeme kwenye jengo jipya, nilikwenda sokoni. Mwezi wangu ulikuwa bado. Nimeshika shada la zabibu mkononi, chupa ikapasuka, pale pale mbele za watu. Mama Paulina akavua khanga yake akanifunga kiunoni.

"Una nani hapa mjini?"

"Mume wangu tu, na simu yake haipatikani."

"Basi twende."

Akamwachia jirani meza yake, akaita bajaji.

Hospitalini wakakuta mtoto ametanguliza miguu, nami natokwa na damu nyingi. Muuguzi akauliza ndugu wa mgonjwa yuko wapi.

"Mimi hapa," akajibu Mama Paulina. "Ni mwanangu."

Na hatufanani hata kidogo! Wakamwambia nitapasuliwa na damu inahitajika. Akapiga simu sokoni. Nilipokuwa nasukumwa kwenda kupasuliwa, niliwaona wanawake wa Majengo wamejaa ukumbini, wengine na udongo wa viazi vidoleni, wanakunja mikono ya magauni wakatolewe damu. Wengi wao, Shangazi, sikuwajua hata kwa sura. Nikatoa shahada, na nyuma yangu nikamsikia Mama Paulina akisali kwa namna yake.

Nilipozinduka Khalidi alikuwa kando yangu analia, amempakata binti. Ni mdogo sana, lakini sauti yake inaita mtaa mzima. Tumempa jina lako.

Najua ulivyohofia nijifungulie kwa watu baki, na kila ukipiga simu ulinisihi nirudi. Mshono bado unauma. Lakini kila asubuhi Mama Paulina anapita na uji wa ulezi, anamwogesha mtoto, ananifulia, ndipo aende kufungua meza yake. Jana nilianza kumshukuru, hata sijafika mbali akanikatiza: "Wewe nyonyesha." Mimi huyo, niliyekuja hapa sina hata jirani!

Nisalimie Abubakari na mkewe, na Bi Rukia mwambie Mwantum mdogo ana masikio yake.

Mwenyezi Mungu akulinde, akufikishe huku salama umpakate wajina wako. Mama Paulina ameniona naandika, akasema ukija atakwenda mwenyewe kukupokea kituoni. Nimemuuliza atakutambuaje, naye hajawahi kukuona.

"Mama atakayeshuka huku analia," kasema, "huyo ndiye."

Binti yako akuwazaye kila saa,
Ikram