Swali Nililokuuliza Kila Likizo

Mama Kabula,

Nimechoka, na hapa Kambarage hakuna ninayeweza kumwambia hivyo bila kuonewa huruma. Jeshini nilistaafu mwaka jana, miaka miwili baada ya kukuzika. Viatu bado navipiga rangi kila asubuhi. Mazoea yana taabu.

Sasa nina kazi ambayo usingeidhania. Bwana Karim, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ananilipa nikae na mameneja wake, mmoja mmoja, niwafundishe kuongoza watu. Wiki ya kwanza nilimsimamisha meneja mzima wima kama kuruta, nikamkagua mpaka kola. Bwana Karim akaniita pembeni: "Afande, hapa watu wanakaa." Ungecheka mpaka ushike mbavu. Tangu hapo nakaa, nauliza, nasikiliza. Kusikiliza kunachosha kuliko kwata.

Juzi nilifuatana na meneja mmoja kwenye mashine. Kila fundi tuliyempita, meneja alimuuliza, "Hakuna tatizo?" Nao wote, "Hakuna, mzee." Kesho yake mashine moja ikashika moto. Nikamweleza ofisini kwamba swali lake lilikuwa limeshajijibu, mtu wa chini atafanya nini ila kuitikia? Katikati ya maneno hayo nikakatiza. Nikaomba maji.

Nilikukumbuka wewe. Kila likizo nilishuka kwenye basi, nikatua begi mlangoni na kuuliza, "Wote salama?" Nawe ukajibu, "Salama, Baba Kabula." Hata likizo ile ya mwisho ulijibu hivyo, kumbe uvimbe ulikuwa nao tangu masika. Dada yako ndiye aliyeniambia, tukiwa matangani. Sikuwahi kukuuliza, mke wangu. Nilikuwa napokea ripoti tu. Inaniuma, na sina wa kumlaumu.

Binti yetu yuko Nyarugusu, anawapikia wachimbaji wa dhahabu. Mwezi uliopita nilipita kumwona. Amekonda. Nikamuuliza nikiwa nimesimama mlangoni, akajibu vilevile kama wewe, nami nikaridhika, nikapanda gari nikarudi.

Pumzika, Mama Kabula. Jumamosi nakwenda tena. Nitaketi jikoni kwake, nimenye viazi, nioshe masufuria, hata wiki nzima, mpaka aseme mwenyewe kinachomkondesha.

Mumeo,
Baba Kabula