Provisoire ni miye

Alliance, mashauri yako imenichoma leo.

Ulisema nyumba ya mbao ya nyuma mu parsele yangu haiombake autorisation ya kujenga kama ni ya provisoire, ya muda tu. Basi mutu wa urbanisme, wa serikali, amefika asubui kukagua. Nikamuambia: "Ni ya provisoire, papa."

Shangazi, mwenye anaishi mule, akatoka. Unamujua, tangu vita imufukuze Masisi anasemaka anarudia kwabo kesho.

Akasema: "Hapana, papa. Nyumba iko na fondasio ya simenti. Provisoire ni miye."

Fondasio. Ya simenti. Haya ilinishika.

Ule papa wa urbanisme akamuangalia sana, akaandika "provisoire", akafunga kaye yake.

Shangazi akamusindikiza mpaka ku mulango: "Urudie, nitakupa avoka. Nimepanda muti yake juzi."

Avoka, Alliance. Inakamataka miaka ine mpaka izae.