Kiapo cha Ukoo Dhidi ya Hesabu Nzito

Mpendwa mshauri Mzee Gikunda, salaam aleikum, naomba msaada, na naomba pia uzuie kicheko mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, dereva wa lori mstaafu hapa Bulapesa, shule nilifika darasa la tano nikatoka na viatu vya mtu mwingine, na jambo nililofanya halifanywi hata na mtoto wa chekechea.

Mjukuu wangu Jawahir yuko gredi ya tisa, na unajua hawa wa siku hizi kabla ya kuingia sekondari pevu lazima wachague mkondo, kuna wa sayansi, kuna wa mambo ya jamii, kuna wa sanaa na michezo, na hesabu yenyewe imepasuliwa mbili kama mbuzi wa sadaka, kuna ile nzito ya watu wa sayansi na kuna nyepesi ya watu wengine, basi Jawahir akaja nyumbani na fomu yake akasema, "Awowe, nimechagua sayansi na hesabu nzito," awowe ndiyo babu kwetu, "nataka kujua kwa nini pampu ya kisima cha kina mjomba kule Sericho inakufa kila kiangazi, nataka niitengeneze mimi," nami nikafurahi kama robo saa hivi, mpaka mama yake Fosia akaniambia shule ya kutwa hapa karibu haina mkondo huo, itabidi mtoto aende bweni, safari ya siku nzima.

Sasa mzee mwenzangu nikueleze ukweli, huyu mtoto ndiye ninayecheza naye shax kila siku baada ya swala ya alasiri, ule mchezo wetu wa kokoto na mistari mchangani, na ananishinda kila siku, ananiambia, "Awowe, umezeeka," namjibu, "Mama yako ndiye amezeeka," na hiyo ndiyo furaha iliyonibakia ukiondoa chai, nikaona akienda nitabaki kuongea na paka, na paka mwenyewe hanipendi. Nikamwambia, "Jawahir, kaa chini, kuna siri ya ukoo."

Nikamwambia babu yetu Robow, aliyekuja hapa na jeshi la Mwingereza, aliwekwa kwenye mizinga kwa sababu ya akili zake, siku moja bwana mkubwa akampa X amtafute ni ngapi ndipo mzinga upigwe, Robow akamtafuta X siku tatu hakumwona, akakisia, mzinga ukapigwa ukaangukia jikoni kwa bwana mkubwa, mpishi akabaki ameshika mwiko bila sufuria, na kuku wa Krismasi hakuonekana tena, ndipo Robow akaapa mbele ya kikosi kizima kwamba kizazi chake kisimguse X mpaka siku ya kiyama. Ukweli ni kwamba Robow alichunga ngamia wa jeshi, mzinga aliuona kwa mbali tu, na hata huko mbali alikuwa anakimbia.

Nilidhani atacheka. Hakucheka, akaniuliza, "Hata kama X ni ndogo?" Nikamwambia hata kama ni ndogo. Akachukua kifutio, akafuta fomu polepole.

Jawahir akamweleza mama yake, Fosia akawapigia dada zake, na wiki haikuisha watoto saba wa ukoo wetu wakawa wamekwenda kwa mwalimu Nasteha kusema hesabu nzito ni mwiko kwao, wanne kati yao hesabu ilikuwa imewashinda tangu gredi ya nne na wamekipokea kiapo kama mvua, na mwalimu, ambaye ni mtu wa heshima, akaandika kwenye fomu zao "sababu za kiukoo," halafu mjukuu wa jirani yangu Etabo, kijana anaitwa Akidor, Mturkana kabisa, naye amedai kiapo kinamhusu kwa sababu amekunywa maziwa kwetu tangu utotoni, na babu yake Etabo ananipita njiani anasema, "Nyinyi watu wa bunduki, kumbe mnaogopa herufi moja!"

Ijumaa iliyopita baada ya swala nikawakusanya wazee nikasema, "Jamani, kile kiapo nilikitunga mimi." Binamu yangu Ahmednasir akaruka, "Mnaona? Anatupima kama tutakivunja!" Nikasema, "Ahmednasir, wallahi hakuna kiapo." Akasema, "Hakuna vipi, na mimi marehemu baba alinionyesha mahali mifupa ya yule kuku ilipozikwa!" Wazee wote wakasema subhanallah, na mmoja akatokwa machozi.

Fomu zinafungwa Ijumaa hii, na kinachonichoma si wazee, ni kwamba tangu siku ile Jawahir ananiachia nishinde shax. Namwona kabisa, ana njia ya kunimaliza, anaiacha, anasogeza kokoto pengine, anasema, "Umenipata, awowe."

Nimefikiria niseme nimeota ndoto, babu Robow amenijia na kofia yake ya jeshi akakiondoa kiapo. Je, ndoto itatosha, au nimlete na ngamia?

Ni mimi Babu Mwenye Siri, Bulapesa. Tafadhali ficha jina langu.

*

Gikunda anajibu:

Babu Mwenye Siri, jina lako nimelificha. Lakini umemtaja mjukuu, binti, binamu, jirani na mwalimu, kwa hiyo kufikia saa nne leo soko lote la mbuzi litakuwa limekujua. Pole sana. Hiyo pole itunze, sina nyingi.

Kwanza, usiote. Nakwambia mapema kabla hujalala. Uongo wako wa kwanza umezaa kuku na kaburi lake. Wa pili utazaa watu wa kwenda kulizuru.

Mimi pia si msomi, usinione nimekaa gazetini. Niliacha shule darasa la sita baada ya kukutana na sehemu, zile namba zinazopanda mgongoni mwa wenzao kama wamepanda punda. Kwa hiyo jambo lako sikulijibu kutoka kichwani, kichwani hakuna kitu. Nilimpigia simu mwalimu Nasteha mwenyewe. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Kila anayeingia gredi ya kumi atasoma hesabu, nzito au nyepesi, hakuna wa kuiruka. Nyepesi si aibu, inamfaa sana anayefuata mikondo ile mingine. Lakini mlango wa uhandisi unataka nzito, na anayeuacha sasa akitaka kuurudia baadaye atahangaika. Halafu nikamuuliza, "Mwalimu, ile nyepesi ina X?" Akasema, "Mzee, inaye."

Umesikia? X yuko kote kote! Kiapo chako hakimwepushi mtoto na chochote. Kinamnyima pampu tu.

Najua unachoogopa. Mimi wanangu watatu walikwenda mmoja mmoja, wa mwisho aliondoka na redio, nikakaa mwezi mzima nikisikiliza friji. Upweke unauma, sikatai. Lakini mzee mzima unamfunga binti wa miaka kumi na tano kwa mizinga ya Mwingereza ili upate mtu wa kukuambia umezeeka? Ungeniuliza mimi, ningekuambia bure.

Na huyo mtoto amekuzidi heshima. Wewe ulimdanganya ili usibaki peke yako, naye anakudanganya mchezoni ili usijisikie vibaya. Nyumba moja, waongo wawili, mmoja tu ndiye mwenye adabu. Aibu ni yako.

Sasa sikia. Ahmednasir mwache. Mtu aliyeonyeshwa kaburi la kuku hashindwi kwa maneno, na fomu haisainiwi na Ahmednasir. Kosa lako Ijumaa iliyopita ni kwamba ulianza na wazee. Wazee hukuwadhulumu kitu, umewapa hadithi nzuri na mmoja amelia vizuri. Uliyemdhulumu ni mmoja, na huyo bado hujamwambia neno.

Leo hii, kabla ya magharibi, mwite Jawahir na mama yake. Usisimame, kaa chini mchangani. Usiseme ulimi uliteleza, ulimi hautelezi mpaka jikoni kwa bwana mkubwa. Sema hivi: "Nilidanganya, kwa sababu niliogopa utaniacha." Basi. Funga mdomo. Akikasirika, mwache akasirike. Akinyamaza siku mbili, zihesabu, ni hesabu nyepesi hiyo. Halafu muulize anataka mkondo gani, na jibu lake usilitie chumvi wala Robow.

Wale wengine sita, pita nyumba kwa nyumba uwaambie wazazi wao maneno hayo hayo. Mtoto anayetaka nyepesi kwa hiari yake abaki nayo, anayetaka nzito apewe fomu yake. Kwa Etabo nenda mwenyewe. Atakucheka mpaka jioni, nawe utamwacha acheke, ni haki yake.

Ijumaa ofisi ya mwalimu inafunguliwa saa mbili asubuhi. Nenda na Jawahir, nenda na Fosia, na mwombe mwalimu mbele yao afute yale maneno "sababu za kiukoo." Nimemuuliza kama mnahitaji kubeba kitu. Amesema kalamu anayo, fomu anazo, Jawahir aje na akili zake, na wewe uje na aibu yako tu, kiti utawekewa nje.