Mikono ya Sweta la Ubatizo

Ibaba, Jumanne asubuhi

Bibi mpendwa, shikamoo. Nimeazimia kukueleza yote, ingawa kadi ni ndogo.

Huku ukungu hauondoki hadi saa nne, kwa hiyo tunafuma jikoni huku viazi vikiiva. Nimemfundisha Neema, binti wa Shangazi, kufuma kwa spoku za baiskeli, kama ulivyonifundisha. Tuligawana sweta la ubatizo la mdogo wake: kila mmoja akafuma mkono mmoja. Jana tulipoilinganisha, wangu ulikuwa umebana, wake umelegea na kuwa mrefu.

Shangazi alicheka: “Mwanangu mkono mmoja wake mwenyewe, mwingine wa baba yake!”

Neema hakucheka. Alinirudishia spoku. “Dada, malizia mwenyewe.”

Sikubali. Jumapili mtoto atavaa sweta la mikono yetu sote wawili, na wa Neema haufumuliwi.

Jifunike vizuri, Bibi, nakukumbuka sana. Dereva wa lori la viazi aliyekuletea kadi hii anarudi huku Alhamisi, mpe jibu: nikifumua wangu na kuufuma kwa kulegeza kama wake, mtoto hatasikia baridi?

Mjukuu wako,
Atu